Ukiambiwa "Bwana Amenionyesha Jambo Lako"

Kuna sentensi ambayo Mkristo wa Afrika Mashariki hakai muda mrefu kanisani bila kuisikia: "Bwana amenionyesha jambo lako." Huja katikati ya mkesha, au mlangoni baada ya ibada, au kwa simu saa tano usiku mtu akiwa amekwisha kulala. Anayeisema anaweza kuwa mchungaji, mama wa kikundi cha maombi, mwanakwaya, au kijana aliyeshuka mlimani baada ya kufunga siku 3. Jambo lenyewe laweza kuwa ndoa, ugonjwa, kiwanja, safari ya kutafuta kazi, au jina la ndugu anayetajwa kuwa ndiye chanzo cha taabu zote za nyumba yako. Aliyeambiwa hubaki njia panda. Akikubali, amemkabidhi mwenzake uamuzi uliokuwa wake. Akikataa, hofu humshika kwamba huenda amemkataa Mungu mwenyewe. Nimeandika kwa ajili ya mtu huyo, na ninachotaka ashike ni hiki: ufunuo aliopewa mtu binafsi, hata ukiwa wa kweli kabisa, humfunga aliyepewa peke yake. Kwa mwingine yeyote ni habari ya kupimwa. Neno linalotufunga sote ni lile lililowekwa hadharani mbele ya sote, na ufunuo wa faragha hupata heshima yake pale unapoturudisha kwenye Neno hilo.

Neno "hadharani" lina uzito wake. Nehemia sura ya 8 inaeleza jinsi Ezra alivyosimama juu ya mimbari ya mti na kuisoma Torati tangu asubuhi hadi adhuhuri, mbele ya wanaume na wanawake, huku Walawi wakiwafafanulia watu maana. Paulo, akijitetea mbele ya mfalme Agripa, alitegemea ukweli kwamba mambo ya Yesu hayakutendeka pembeni. Na alipowaandikia Wakorintho habari za ufufuo alitaja mashahidi zaidi ya 500, akaongeza kwamba wengi wao walikuwa hai bado, kana kwamba anasema: anayetaka awaendee, awaulize. Maandiko yalinakiliwa, yakasomwa kwa sauti, yakabishaniwa, yakatafsiriwa. Biblia ya Kiswahili ya Union Version iliyotoka mwaka 1952 ina maneno yale yale mikononi mwa askofu na mikononi mwa mkatekumeni wa wiki ya kwanza, na askofu akikosea aya, mkatekumeni anaweza kumwonyesha ilipo. Sasa linganisha na ndoto. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na ndoto ni kitanda cha mtu mmoja. Mwenye kuota anaweza kuwa mkweli, anaweza kuwa amekosea, anaweza kuwa ana homa, anaweza kuwa anadanganya. Sisi wengine hatuna pa kuingilia tukaangalie. Tunachoweza kupima ni kile anachotutaka tukifanye.

Katika hili makanisa yanayotofautiana kwa mengi yanakaribiana kuliko waumini wake wanavyodhani. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya mwaka 1965 kuhusu ufunuo, ulifundisha kwamba hakuna ufunuo mwingine wa hadhara wa kutarajiwa kabla ya Kristo kurudi. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, ibara ya 67, inakubali kwamba mafunuo ya binafsi yapo na mengine yametambuliwa na Kanisa, lakini inasema si sehemu ya amana ya imani. Kazi yake ni kusaidia watu wa kipindi fulani waishi vizuri zaidi yale yaliyokwisha kutolewa. Prospero Lambertini, aliyekuja kuwa Papa Benedikto XIV, alieleza karne ya 18 kwamba hata ufunuo uliokubaliwa haudai imani ile anayodai Mungu. Unastahili tu kusadikiwa kibinadamu, kwa busara. Ungamo la Westminster, lililoandikwa Uingereza katika miaka ya 1640 na kurithiwa na Wapresbiteri, lilikataza kabisa kuongeza kitu juu ya Maandiko, hata kwa jina la ufunuo mpya wa Roho. Na makanisa ya Kipentekoste, yanayoamini kwamba unabii unaendelea hadi leo, kwa kawaida huandika katika maungamo yao kwamba Biblia ndiyo kipimo cha mwisho. Kwa hiyo anayekuambia kwamba kumpima nabii ni kukosa imani hasemi kwa niaba ya Ukristo. Anasema kwa niaba yake.

Ushahidi wenye nguvu zaidi, kwa maoni yangu, ni mwenendo wa wale walioona kweli. Petro alikuwa juu ya dari huko Yafa alipoona nguo kubwa ikishushwa kutoka mbinguni na wanyama ndani yake. Luka anasema wazi kwamba Petro alibaki akiona shaka moyoni kuhusu maana ya maono hayo. Alipokwenda kwa Kornelio alichukua ndugu 6 wakaongozana naye. Aliporudi Yerusalemu na kuhojiwa kwa ukali, hakusema kwamba mtume hahojiwi. Alieleza jambo lote tangu mwanzo, kwa taratibu, akawaonyesha wale mashahidi 6. Baadaye jambo hilo hilo likafika kwenye kikao cha Yerusalemu tunachokisoma katika Matendo 15, likajadiliwa sana, na Yakobo akalifikisha mwisho kwa kulilinganisha na maneno ya nabii Amosi. Hapo ndipo makanisa yalipoandikiwa barua. Maono ya mtume mkuu yalipita kwa mashahidi, kwa mahojiano, kwa baraza na kwa Maandiko kabla ya kuwa agizo kwa mtu mwingine. Ukiona nabii wa leo anaruka hatua zote hizo kwa dakika 5 za maombi, jiulize amepata wapi mamlaka ambayo Petro hakuwa nayo.

Paulo anafundisha jambo hilo kwa kunyamaza. Katika 2 Wakorintho 12 anataja kwamba alinyakuliwa hata mbingu ya tatu, na kwamba yalikuwa yamepita miaka 14. Kwa miaka hiyo yote alikuwa akianzisha makanisa na kugombana na wapotoshaji, na hata anapolazimika kulitaja jambo hilo anajificha nyuma ya maneno "mtu mmoja", halafu anasema aliyoyasikia hayasemeki. Hakujenga juu yake fundisho hata moja wala kuomba sadaka kwa ajili yake. Kwa Wagalatia alikwenda mbali zaidi: akijitokeza malaika wa mbinguni, au hata yeye Paulo mwenyewe, na kuleta injili tofauti na ile waliyokwisha kuipokea, alaaniwe. Angalia jinsi alivyojiweka chini ya neno ambalo tayari lilikuwa mikononi mwa wasikilizaji wake.

Wapo watakaosema kwamba hii ni kumfungia Roho mlango. Yoeli alitabiri ndoto na maono, Petro akalitumia andiko hilo siku ya Pentekoste, na wengi Afrika waliletwa kwa Kristo kwa ndoto kabla hawajajua kusoma. Pingamizi hili linastahili heshima, na sehemu yake ya kwanza ni kweli tupu. Sisemi Mungu ameacha kuzungumza na watu wake. Lakini Paulo anapowakataza Wathesalonike wasimzimishe Roho wala kutweza unabii, sentensi inayofuata mara moja inawaamuru wajaribu mambo yote, washike lililo jema. Yohana anaagiza roho zijaribiwe kwa sababu manabii wa uongo wametokea wengi. Na kwa Korintho, kanisa lililokuwa na karama kuliko mengi, utaratibu ulikuwa manabii wanene wawili au watatu na wengine wapambanue. Kupima ni agizo la Roho yule yule. Anayezima Roho ni yule anayechukua nusu ya agizo lake na kuitupa nusu nyingine.

Pingamizi la pili ni gumu zaidi kwa sababu linagusa mshangao wa mtu: "Lakini alilosema lilikuwa kweli! Alijua jina la mama yangu, alijua ninaumwa nini." Kumbukumbu la Torati 13 ilikwisha kulijibu. Musa anaweka hali ambapo nabii au mwotaji anatoa ishara na ishara inatokea kweli, halafu anawaita watu kwenye njia isiyo ya Bwana. Israeli wanaambiwa wasimsikilize, ishara itokee isitokee. Huko Filipi, kijakazi mwenye pepo wa uaguzi aliwafuata Paulo na Sila siku nyingi akitangaza kwamba hawa ni watumishi wa Mungu aliye juu. Alichosema kilikuwa sahihi neno kwa neno, na bado Paulo alimtoa pepo. Kujua jina la mama yako kunathibitisha kwamba mtu amepata habari. Hakuthibitishi ameipata wapi, na siku hizi, ambapo picha na misiba na harusi zetu zote ziko kwenye simu, habari hupatikana kirahisi mno. Swali la kuuliza linabaki lile lile: ananitaka nifanye nini, na je, hilo linapatana na Neno lililo wazi?

Hadithi inayonitisha kuliko zote katika Biblia kuhusu suala hili ni ya 1 Wafalme 13. Mtu wa Mungu kutoka Yuda alitumwa Betheli kumkemea mfalme Yeroboamu, na yeye mwenyewe alikuwa amepewa agizo: asile mkate huko, asinywe maji, asirudi kwa njia aliyoijia. Alimkatalia mfalme bila kusitasita. Kisha nabii mzee akamfuata njiani, akamkuta amekaa chini ya mwaloni, akamwambia kwamba yeye pia ni nabii na malaika amemwambia amrudishe nyumbani ale. Maandiko yanasema alimdanganya. Yule mtu wa Mungu akarudi, akala, na simba akamwua njiani. Aliyeweza kumpinga mfalme alishindwa na mzee mwenye cheo cha kiroho aliyetumia neno "malaika". Sababu ya mzee yule kudanganya haikuandikwa, na pengine ni vema, kwa maana anayedanganywa mara nyingi hamjui mwenzake ana nia gani. Alichokuwa nacho yule mtu wa Mungu kilitosha: alijua agizo lake. Hakulazimika kutegua kitendawili cha moyo wa mtu mwingine, ilimpasa tu kulikataa neno lililogongana na lile alilokuwa na hakika nalo.

Kanisa limeyapitia haya tangu zamani. Katika karne ya 2, huko Frigia, nchi ambayo leo ni sehemu ya Uturuki, Montano na manabii wa kike wawili, Priska na Maksimila, walidai Roho anasema kupitia vinywa vyao na kwamba Yerusalemu mpya itashuka karibu na kijiji cha Pepuza. Waumini wa Asia walikutana mara nyingi na mahali pengi kuyachunguza maneno hayo. Maksimila alitabiri vita na machafuko. Mwandishi mmoja ambaye Eusebio amehifadhi maneno yake anasema miaka zaidi ya 13 ilikuwa imepita tangu mama huyo afariki na vita havikuwa vimetokea. Ukali wa maisha yao na kufunga kwao viliwavuta hata wasomi, akiwemo Tertuliano wa Karthago. Hili lituonye: uchamungu wa nabii si jibu la swali kama unabii wake ni wa kweli.

Karibu na kwetu kuna mifano miwili ambayo ni vizuri iwekwe pamoja. Tarehe 28 Novemba 1981, katika shule ya wasichana ya Kibeho, kusini mwa Rwanda, mwanafunzi Alphonsine Mumureke alisema ametokewa na Bikira Maria aliyejitambulisha kuwa Nyina wa Jambo. Kwa Kinyarwanda "Jambo" hapo ni Neno, yaani Mama wa Neno. Wenzake walimcheka. Baadaye wengine walisema wameona, wengi mno kuliko walioaminiwa. Mwaka 1982 askofu wa Butare aliunda tume ya madaktari na tume ya wanateolojia. Ibada ya hadhara iliruhusiwa mwaka 1988, na hukumu yenyewe ilitolewa na Askofu Augustin Misago tarehe 29 Juni 2001, karibu miaka 20 baada ya siku ya kwanza, ikiwakubali waonaji 3 tu. Ujumbe ulikuwa nini? Toba, sala, kuongoka. Hakuna amri mpya, wala hakuna aliyetakiwa kuuza shamba lake. Na hata baada ya hukumu ile Mkatoliki halazimiki kuamini kwamba Kibeho kulitokea kitu. Kanuni mpya zilizotolewa Vatikano Mei 2024 zimezidi kuwa za tahadhari: kwa kawaida jibu zuri kabisa ambalo askofu atatoa sasa ni kwamba hakuna kizuizi kwa waumini kusali mahali pale, bila kutamka kuwa tukio limetoka kwa Mungu.

Mfano wa pili ni Kanungu, kusini-magharibi mwa Uganda. Credonia Mwerinde na Joseph Kibwetere, pamoja na padri aliyeitwa Dominic Kataribabo, waliongoza kundi la kurejesha Amri Kumi za Mungu. Nao walisema wametokewa na Bikira Maria. Wafuasi waliuza mali zao wakaleta fedha, wakaishi kwa kuzungumza kwa ishara ili wasivunje amri kwa ulimi. Dunia ilikuwa imalizike mwisho wa mwaka 1999, haikumalizika, na tarehe 17 Machi 2000 kanisa lao liliungua likiwa limefungwa, mamia ya watu wakiwa ndani, watoto wakiwemo. Miili mingine ilifukuliwa baadaye kwenye mashimo ya nyumba za kundi. Chanzo kilichodaiwa Kibeho na Kanungu kilikuwa kimoja, mama yule yule wa mbinguni, na mtu anayeuliza tu "je, ametokewa na nani?" hawezi kuvitofautisha. Tofauti inaonekana ukiuliza maswali mengine: nani aliruhusiwa kuchunguza, kwa muda gani, na mali na miili ya watu ilikwenda wapi. Watoto wale wa Kanungu walikufa chini ya bango la Amri Kumi, ambamo "usiue" imeandikwa wazi kwa kila mtu kusoma.

Kibeho yenyewe ina fundisho jingine, chungu. Aprili 1994 maelfu waliokimbilia kanisa la parokia ile waliuawa humo, na Marie Claire Mukangango, mmoja wa waonaji 3, aliuawa mwaka huo huo wa mauaji ya kimbari. Waliochinja hawakukosa maono. Walikuwa na amri waliyofundishwa utotoni katika katekisimu, hadharani, kwa lugha ya mama zao. Mtu anayetafuta neno jipya kila wiki huku lile la zamani halijamgusa anatafuta mahali pasipo.

Hapa msomaji makini atauliza: je, msitu wa Shakahola? Mwaka 2023, katika Kaunti ya Kilifi, Kenya, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa, ya watu walioambiwa wafunge hadi kufa ili wakutane na Yesu. Huko Biblia ilikuwa mkononi, aya zilitajwa. Basi Maandiko yanalinda vipi, ikiwa nayo yaweza kutumiwa kuua? Silikwepi swali hili. Aya pekee hailindi mtu, kama vile dawa kabatini haitibu. Kinacholinda ni kule kuwa hadharani: kwamba wengine wanaweza kusoma aya ile, na ile inayoitangulia, na kusema hapana. Waberoya wanasifiwa katika Matendo 17 kwa kuyachunguza Maandiko kila siku waone kama aliyosema Paulo ndivyo yalivyo. Mhubiri anapowakataza watu shule, hospitali, ndugu, simu na makanisa mengine, amelinyang'anya Neno hadhara yake. Ameligeuza ndoto yake mwenyewe yenye sura na aya. Kwa hiyo ukitaka kujua kama unafundishwa Maandiko au maono ya mtu, tazama kinachotokea unaponyanyua mkono kuuliza.

Nije sasa kwenye maamuzi yanayowakumba watu, nikianza na afya. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu ya watu, kutoka Tanzania na nchi jirani, walisafiri hadi kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mizizi kwa shilingi 500 kutoka kwa Ambilikile Mwasapile, mchungaji mstaafu wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), aliyesema Mungu alimwonyesha dawa hiyo katika ndoto. Sihukumu nia ya mzee huyo, ambaye alifariki mwaka 2021. Ninachosema ni kwamba kati ya madai yote ya ufunuo, dai la uponyaji ndilo rahisi kuliko yote kulipima, na Yesu mwenyewe alitaka lipimwe: wakoma aliowaponya aliwatuma wakajionyeshe kwa makuhani, ambao kwa sheria ya Walawi ndio waliokuwa wakikagua ngozi na kumtangaza mtu safi. Ukiombewa ukaamini umepona virusi vya UKIMWI, kisukari au shinikizo la damu, endelea na dawa, nenda kliniki ukapimwe, na daktari ndiye akuambie kama ipo ya kuacha. Uponyaji wa Mungu hauogopi maabara. Anayekuambia kwamba kupima ni kukosa imani anakukataza jambo ambalo Kristo aliliagiza.

Katika ndoa, binti huambiwa, "Mungu amenionyesha wewe ndiye mke wangu." Jibu lake ni fupi na la heshima: "Akinionyesha na mimi, tutazungumza." Gabrieli alimwendea Mariamu mwenyewe, na Yusufu akapewa ndoto yake mwenyewe; hakutakiwa kutegemea ya mchumba wake. Katika mali, neno linalotaka fedha zako na linakwenda mfukoni mwa anayelileta lina mdhamini mwenye maslahi, na mahakama yoyote ingelitilia shaka. Usisaini, usiuze, usitume kwa simu kabla hujalala usiku kadhaa na kuwashirikisha watu wawili wasionufaika.

Lakini linaloniumiza zaidi ni ufunuo unaomtaja jirani. "Nimeonyeshwa mwanamke wa makamo, mweusi, wa upande wa baba yako." Kila ukoo una shangazi wa namna hiyo. Kuanzia siku ile hapikiwi, hasalimiwi, wajukuu wanakatazwa kwenda kwake. Katika mikoa ya Kanda ya Ziwa nchini Tanzania wanawake wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi, wengine kwa sababu macho yao ni mekundu, wekundu wa moshi wa jiko walilopikia maisha yao yote. Sheria ya Biblia kuhusu tuhuma inajulikana: Kumbukumbu la Torati 19 inadai mashahidi wawili au watatu, na Nikodemo aliwakumbusha wakuu wa Kiyahudi kwamba torati haimhukumu mtu isipomsikia kwanza. Maono ni shahidi mmoja, asiyeonekana, asiyeweza kuhojiwa. Wakristo wa Salem, Massachusetts, waliijua sheria hiyo na bado mwaka 1692 mahakama yao ilikubali ushahidi wa wasichana waliodai kuona mizuka ya majirani ikiwatesa. Watu 19 walinyongwa, na mzee mmoja akafa kwa kukandamizwa na mawe. Oktoba mwaka huo mchungaji Increase Mather alijenga hoja kwamba Shetani anaweza kuvaa sura ya mtu asiye na hatia, hivyo maono hayawezi kuwa ushahidi. Gavana akaivunja mahakama ile. Mahakama mpya ilipoanza Januari 1693 bila ushahidi wa maono, karibu washtakiwa wote waliachiwa. Majirani walikuwa wale wale na uvumi ulikuwa ule ule, isipokuwa safari hii ndoto haikuruhusiwa kusimama kizimbani.

Na wewe uliyeota? Huna sababu ya kuogopa wala kujivuna. Andika ulichoona, na tarehe. Mwombe Mungu, umwonyeshe padri au mchungaji wako au mzee anayekupenda kiasi cha kukupinga. Kama ndoto inakutaka wewe utubu, umsamehe mtu, umtembelee mgonjwa, ulipe deni, lifanye leo, maana Maandiko yalikwisha kukuagiza. Kama inamhusu mwingine, ngoja. Paulo alingoja miaka 14. Ukilazimika kusema, sema "naona" au "nadhani", uache "Bwana asema" kwa wale waliotumwa kusema hivyo. Kule Kaisaria Agabo alitabiri kwamba Paulo atafungwa Yerusalemu, na ndugu wote wakamsihi asiende. Paulo hakumkana Agabo. Aliamua mwenyewe akaenda, nao wakanyamaza, wakaliacha jambo mikononi mwa Bwana. Nabii wa kweli aliweza kusikia neno lake likipokewa bila kufuatwa walivyotaka watu, na hakumlaani mtu.

Ndugu msomaji, kama yupo mtu wa ukoo wenu ambaye hamsalimiani tena naye kwa sababu tu ya jambo lililoonwa kwenye maombi, na hakuna shahidi wala yeye mwenyewe aliyesikilizwa, usingoje maono mengine ya kukuruhusu. Nenda kwake wiki hii. Mbebee sukari na sabuni, ukae, umwamkie shikamoo.